Kabati lina unyevu wa asilimia 98, mbona anturiamu inaoza?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Uyole, Mbeya. Nina anturiamu ya jani refu la mahameli (Anthurium warocqueanum) na okidi mbili za Phalaenopsis. Nilisoma kwamba zinataka unyevu wa asilimia 80 na kuendelea, nikaziweka kwenye kabati la vioo, nikaziba nyufa kwa selotepu, nikaweka beseni la maji chini, na ninanyunyizia asubuhi na jioni. Kipima unyevu kinasoma 95 hadi 99. Anturiamu imepoteza majani mawili kati ya matatu, lililobaki lina madoa meusi, na mizizi imelainika. Okidi moja imekuwa nyeusi katikati. Nimetumia udongo wa msituni na samadi kidogo. Sasa ni Julai. Je, niongeze unyevu, au nimekosea wapi?

Jibu: Dada, usiongeze hata tone. Mimea yako haina kiu. Imekosa hewa na imepigwa baridi. Unyevu inaoutaka ni wa hewani, na hewa hiyo iwe na joto na iwe inatembea. Hewa ya asilimia 98 iliyosimama, usiku wa Uyole mwezi wa saba, inaua haraka kuliko ukavu.

Tuanze na kuokoa kilichobaki, maana hilo halisubiri mwisho wa wiki. Itoe anturiamu kwenye chungu leo. Osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 22 hadi 25, mpaka udongo wote utoke. Bonyeza kila mzizi kwa vidole: ulio hai ni mgumu, una rangi ya maziwa au kijani hafifu, uliokufa unabonyea, na ukiuvuta ganda la nje linavuka na kubaki uzi mwembamba. Kata yote iliyokufa hadi ufike penye ugumu, na futa wembe kwa spiriti baada ya kila mkato. Usione huruma. Mzizi mmoja mzima wa sentimeta 5 una faida kuliko kumi iliyooza, kwa kuwa iliyooza inaendelea kulisha vimelea. Kisha kagua shina. Likiwa gumu na la kijani, mmea unaweza kurudi hata kama mizizi yote imeondoka.

Acha vidonda vikauke kivulini kwa saa mbili au tatu. Watu wengi hupaka unga wa mdalasini hapa. Usiupake kwenye mizizi, unakausha hata sehemu nzima. Loweka kuvumwani aina ya sfagnamu (mimea midogo laini inayofyonza maji kama sifongo), ikamue kwa nguvu mpaka isidondoshe tone, izungushie shina kwa kulegeza, kisha weka kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, ulichokitoboa chini na ubavuni. Kikae kwenye nyuzi 22 hadi 26, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Mbolea isiguse kikombe hicho mpaka uone mizizi mipya ya sentimeta 3 au 4, jambo linalochukua wiki 4 hadi 8 kama joto halishuki.

Jani lililobaki usilikate kwa haraka, ndilo jiko pekee la mmea kwa sasa. Lishike mbele ya taa ulitazame upande wa chini. Madoa makavu yasiyopanuka ni jeraha la baridi na maji, yaache. Lakini ukiona vidoa vinavyoonekana kama vimelowa maji, vimeanzia ukingoni, vina mzingo wa manjano na vinakua kila siku, hiyo huenda ni bakteria ya Xanthomonas, ambayo ndiyo balaa kubwa la anturiamu duniani. Haina dawa ya uhakika. Ikishaingia shinani, choma mmea wote na osha kabati.

Okidi iliyokuwa nyeusi katikati imeoza moyo. Maji yalilala kwenye kikombe cha majani usiku. Igeuze juu chini maji yatoke, kausha kwa pamba, kisha vuta taratibu jani la katikati. Likitoka lenyewe na kutoa harufu, moyo umekufa na Phalaenopsis hiyo haitaongeza jani jipya kutoka hapo, kwa sababu ina ncha moja tu ya kukua. Bado majani ya chini na mizizi vikiwa vizima inaweza kutoa chipukizi ubavuni baada ya miezi kadhaa. Itenge mbali na nyingine. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 unaweza kuimwaga pale mara moja. Ukiirudia kila siku unachoma tishu mpya. Okidi ya pili, hata kama inaonekana nzima, itoe kwenye udongo leo hii.

Sasa kwa nini udongo huo umeleta madhara yote haya. Mimea hii kwao haioti ardhini. Hukaa juu ya magome na matawi bila kuunyonya mti, mizizi ikiwa hewani au ndani ya tabaka jembamba la majani makavu na kuvumwani. Mvua ikinyesha, mizizi inalowa mara moja. Dakika chache baadaye maji yamechuruzika na upepo unapita. Mizizi ya okidi, na ya anturiamu nyingi pia, imevikwa tabaka la seli zilizokufa linalofyonza maji kwa sekunde na kuyashika. Ndiyo maana mzizi wa Phalaenopsis huwa wa fedha ukikauka na wa kijani ukilowa. Udongo wa msituni una chembe ndogo. Ukiuminya kwenye chungu, nafasi zake zote hujaa maji. Oksijeni hupenya kwenye maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani, hivyo mzizi unakosa pumzi, unakufa ncha, halafu vimelea kama Pythium vinaingia. Samadi imeongeza chumvi na bakteria juu ya hapo. Na kwenye baridi ya nyuzi 12 mmea haunywi, kwa hiyo chungu kilichomwagiwa leo kinaweza kuwa kimelowa hadi wiki ya pili.

Mchanganyiko mzuri unapatikana kwetu bila kuagiza chochote nje, na hapa nyanda za juu kusini tumebahatika kuliko watu wa pwani. Magome ya paini yapo kwa wingi kwenye mashine za kupasua mbao Mafinga, kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill. Mawe mepesi ya volkano yenye matundu yanaokotwa Rungwe. Mkaa upo kila kona. Kwa anturiamu pima kwa kopo moja lile lile: magome makopo 5, mkaa 2, mawe mepesi 2, kuvumwani iliyokatwakatwa 1. Kwa Phalaenopsis ondoa kuvumwani na ongeza magome yawe 6. Vipande viwe vya sentimeta 1 hadi 2. Okidi yenye mizizi minene inapenda hata 2.5.

Magome mabichi yana utomvu unaodhuru mizizi. Chagua yaliyokaa nje ya mashine angalau miezi mitatu, ya kahawia iliyofifia, yasiyonata. Yavunje, yachekeche vumbi lote litoke, yachemshe dakika 20, mwaga maji, kisha loweka siku mbili ukibadilisha maji. Yakikaushwa kabisa yanakataa maji mwanzoni, hivyo yapande yakiwa yamenyonya tayari. Mkaa uwe mpya wa kwenye gunia, usiotoka jikoni, kwa sababu majivu yanapandisha alkali. Uoshe hadi maji yawe safi. Ukipata makumbi ya nazi kutoka pwani, yaloweke siku tatu ukibadilisha maji kila siku, maana mara nyingi yana chumvi. Yanashika maji kuliko magome, kwa hiyo kwa baridi ya Uyole mimi nisingeyazidisha kopo moja.

Vumbi ni jambo la kukaziwa. Watu wanapatia vifaa vyote, kisha wanamimina na unga uliobaki chini ya gunia. Unga huo unashuka hadi chini ya chungu na kutengeneza tope lile lile ulilolikimbia.

Chungu kiwe kidogo. Kwa mmea wako uliobaki na jani moja, sentimeta 8 hadi 10 zinatosha. Kiwe kinaonyesha ndani ili uone mizizi, na kitobolewe matundu ya ubavuni kwa msumari wa moto, si ya chini tu.

Tuje kwenye kabati, ambako ndiko chanzo cha madoa. Asilimia ya unyevu haielezi kiasi cha maji yaliyo hewani. Inaeleza hewa imejaa kiasi gani kwa joto lililopo. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba karibu gramu 23 za mvuke kwa mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 12 inabeba chini ya gramu 11. Mchana jua likipasha kabati lako hadi 25, na unyevu ukiwa asilimia 70 tu, tayari kuna gramu 16. Hewa hiyo inaanza kudondosha umande ikishuka hadi nyuzi 19 hivi. Wewe unalala chumba kikishuka hadi 13. Karibu gramu 5 kwa kila mita ya ujazo zinageuka maji juu ya vioo na majani, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na yanakaa pale hadi saa tatu asubuhi. Bakteria na ukungu wa majani huhitaji utando wa maji kwa saa kadhaa ili vipenye kwenye jani. Kabati lako linavipa muda wa saa kumi na mbili kila usiku, na beseni pamoja na unyunyizaji wa jioni vinaongeza.

Kwa hiyo ondoa beseni, bandua selotepu, na acha kunyunyizia jioni kabisa. Lengo ni usiku usishuke chini ya nyuzi 18, mchana 22 hadi 27, unyevu 70 hadi 80. Anturiamu hii inatoka kwenye misitu ya mvua ya Kolombia, na jani lake linaweza kupita mita 1 kwa urefu. Jani la namna hiyo halijengwi kwenye baridi.

Joto ndilo sehemu inayowashinda wengi, kwa kuwa wananunua mkeka wa joto wa wati 20 na kuona hakuna kinachobadilika. Hesabu ipo wazi. Kabati la vioo la upana wa sentimeta 80, kina 40 na kimo 120 lina eneo la nje kama mita za mraba 3.5. Kioo kimoja kinapoteza takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kulipandisha kutoka 13 hadi 19 kunadai wati 100 hivi. Ila ukibandika stairofomu ya sentimeta 3, ile inayokuja na friji au televisheni mpya, mgongoni, ubavuni, juu na chini, kisha usiku ukaifunika mbele kwa blanketi, hitaji linashuka hadi wati 30 au 40. Hapo mikeka miwili ya wati 20 inatosha, na kwa saa 12 inakula karibu nusu uniti ya umeme. Anza na kuzuia joto lisitoke, ndipo ununue cha kuleta joto.

Themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima mkeka kulingana na joto uliloweka, tafuta kwa mafundi wa mashine za kutotoleshea vifaranga. Ile ile inafaa. Kihisio chake kining'inie usawa wa majani, kisiguse kioo wala mkeka. Weka nyuzi 19. Vyungu visikae juu ya mkeka moja kwa moja. Viinue sentimeta 5 juu ya wavu, kwa maana magome yaliyolowa yakipita nyuzi 30 yanapika mizizi. Nyaya zote zipinde chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakichuruzika yadondoke sakafuni. Umeme ukikatika usiku, chupa tatu za lita moja na nusu za maji ya moto chini ya wavu, pamoja na blanketi lile, zitakuvusha hadi alfajiri.

Feni ya kompyuta ya sentimeta 12 ndiyo kifaa cha bei ndogo chenye kazi kubwa kuliko vyote humu. Iendeshe kwa adapta ya volti 9 badala ya 12 ili izunguke polepole. Ifunge juu kwenye kona, ipulize kando ya ukuta kuelekea chini, isipige jani uso kwa uso. Ncha ya jani itikisike kidogo tu. Jani likipepea, umezidisha. Iache usiku na mchana, na usiku ndio hasa inapohitajika. Acha mwanya wa sentimeta 2 chini ya mlango na mwingine juu upande wa nyuma.

Kabla ya kuamini kipima unyevu chako, kikague. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe kwa matone machache iwe kama uji mzito isiyeyuke, ifungie pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12 kwenye joto la chumba. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 82, basi kila mara toa 7. Vile vidogo vya bei nafuu hukosea hivyo mara kwa mara.

Mwezi wa tisa na wa kumi mambo yanageuka. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 80 ikipashwa na jua hadi 26 bila kuongezewa maji inabaki na asilimia 30 hivi. Hapo ndipo urudishe maji: sinia pana yenye mawe mepesi yaliyolowa chini ya wavu, na ukipenda mashine ya ukungu inayowaka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Itie maji ya mvua tu, vinginevyo chokaa itabaki nyeupe juu ya mahameli ya jani na haifutiki bila kulichubua. Mvua za Novemba zikianza, toa sinia. Kwa wenzetu wa Iringa mjini, penye upepo na ukavu zaidi, sinia inaweza kukaa muda mrefu; wa Tukuyu huenda wasiihitaji kamwe.

Kumwagilia usifuate kalenda, fuata uzito. Inua chungu mara baada ya kumwagilia ujue uzito wake, kisha kiinue kila asubuhi. Phalaenopsis inywe mizizi yote ikishakuwa ya fedha. Anturiamu inywe pale sentimeta 2 za juu zimekauka lakini katikati bado kuna ubaridi wa unyevu. Kwa Julai inaweza kuwa kila siku 8 hadi 10, kwa Oktoba siku 3 au 4. Mwaga maji mengi yapite chini yote, usiache sahani yenye maji. Maji ya tangi la nje alfajiri ya Julai ni baridi mno kwa jani la Phalaenopsis. Seli zinapasuka na kuacha mashimo ya manjano yanayogeuka kahawia. Changanya na ya moto yafike nyuzi 22. Maji ya mvua yanafaa kuliko ya bomba, ila manyunyu ya kwanza ya msimu yaache yaoshe bati.

Mbolea ya maji ya 20-20-20 inayouzwa maduka ya pembejeo inatosha: nusu gramu kwa lita, kila mara ya pili ya kumwagilia, joto likiwa juu ya 18. Maji ya mvua hayana kalsiamu, kwa hiyo mara moja kwa mwezi tumia kalsiamu naitreti gramu 0.3 kwa lita, peke yake. Ukiichanganya na ile nyingine kwa wingi inaganda na kuwa mashapo meupe. Kila mwezi suuza chungu kwa maji matupu. Samadi, Urea na DAP viende bustanini.

Mwanga: saa 12 kwa siku, luksi (kipimo cha mwanga) 8,000 hadi 10,000 kwa anturiamu, 10,000 hadi 15,000 kwa Phalaenopsis. Programu ya simu ya kupima mwanga haina usahihi mkubwa lakini inatosha kwa makadirio. Mwezi huu jua la mchana lipo upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini linaunguza bila pazia jepesi; Desemba zamu ni ya dirisha la kusini. Kabati la vioo lisipigwe na jua moja kwa moja hata nusu saa, kwa sababu linaweza kuvuka nyuzi 40.

Jani jipya la anturiamu likija, litatoka laini na jekundu. Usilishike wala kulinyunyizia hadi ligumu. Likikwama lisifunguke, mara nyingi unyevu ulishuka chini ya 60 kwa siku kadhaa wakati linatoka; pandisha hadi 80 kwa siku hizo chache, feni ikiendelea.

Na kama gharama ya joto inakulemea, kuna njia ninayoipenda zaidi kwa mtu wa Uyole: lima mimea inayotaka baridi yako. Okidi za Masdevallia na Dracula hutoka kwenye misitu ya ukungu ya milima ya Andes, huko Kolombia na Ekwado. Zinataka usiku wa nyuzi 10 hadi 14 na mchana usiozidi 24, pamoja na unyevu wa 80 na feni isiyozimwa. Mtu wa Dar es Salaam anahitaji kiyoyozi ili zisife. Wewe unahitaji kabati lile lile bila mkeka. Dracula ipande kwenye kikapu cha waya kilicho wazi chini, kwa kuwa ua lake mara nyingi hutoboa kuelekea chini, nalo likikuta kitako cha chungu linaozea humo.

Okidi za miti za kwetu, kama Aerangis na Polystachya, nazo zimezoea hali hii. Lakini zinunue kwa mkulima aliyezizalisha, usizibandue msituni. Za Kitulo ndiyo kabisa usiziguse: ni hifadhi ya taifa, na nyingi za pale huota ardhini kwa viazi, hivyo hata kabatini hazitaishi. Ukiagiza mimea nje ya nchi, anza na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na hakikisha muuzaji anatoa cheti cha afya ya mimea pamoja na kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) kwa okidi. Mmea wowote mpya ukae chumba kingine wiki sita kabla ya kuingia kabatini, ukikaguliwa chini ya majani kila wiki kwa vidung'ata na wadudu magamba. Ukiviona, futa kwa pamba yenye spiriti na urudie kila baada ya siku saba, mara tatu.